Lumbesa ya Kupeleka Ukweni

Juzi Baraka, kijana wa jirani yangu hapa Izia, alinipigia honi getini. Nikatoka na kandambili zangu. Lo! Pikapu jipya linang'aa, dabo kebini, ngao ya chuma mbele, keria juu, matairi mapana ajabu. Akashuka, akanipa shikamoo yake, kisha akalipiga bodi kofi la mapenzi.

"Babu, hii chuma ni noma. Inapiga tani tatu na nusu!"

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Imeandikwa mtandaoni, babu."

"Imeandikwa inabeba, au inavuta?"

Akatoa simu, akasoma tena, akajikuna kisogo. Ilikuwa inavuta. Vijana wangu, kuvuta ni tela lenye magurudumu yake, linabebwa na ardhi. Kubeba ni mgongo wa gari lenyewe. Ukichanganya hayo mawili utaujua mteremko wa kwenda Muze vizuri kuliko ulivyotaka.

Nikamfungulia mlango wa dereva, nikamwonyesha kibandiko kwenye nguzo. Pale kiwandani wameandika gari likiwa limejaa lisizidi uzito gani. Ukitoa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho chako. Lakini si cha magunia peke yake. Abiria wamo humo. Tenki likijaa, limo. Ngao uliyofunga mjini, keria, jeki kubwa, tairi la akiba la pili, vyote vinakula mle mle.

"Yaani ngao nayo inakula mzigo?"

"Ngao inakula, keria inakula, na wewe unakula, pamoja na hicho kitambi ulichoanza kukiotesha."

"Ah, babu bwana!"

Tulicheka, lakini alipoondoka nilikaa barazani nikawaza. Nimeendesha pikapu nikiwa kijana mwembamba mpaka nikawa mzee wa magoti kuuma. Nimepeleka mahindi, maharage, ulezi, mabati, wagonjwa, maiti, mashemasi na mbuzi. Hakuna mtu aliyewahi kuzikwa kwa sababu ya usukani wangu. Namshukuru Mungu, na kuna watu wa kuwashukuru pia, maana ujanja wangu peke yangu usingefika hata Laela. Ndiyo maana nawaandikia.

Wa kwanza ni fundi Wenseslaus, Mungu amlaze pema. Alikuwa na karakana ya springi, banda la mabati tu, na mikono yenye grisi isiyotoka hata Jumapili akienda kupokea komunyo. Mimi nilikuwa dereva wa Mama Sekela, mfanyabiashara aliyetoka Mbeya, mwanamke mchapakazi, mwenye sauti ya kusikika soko zima. Mama Sekela hakupenda kuona gari lake limekaa chini nyuma. "Likilalia linaniaibisha, Fotu," aliniambia. Jina langu ni Fortunatus, lakini hakuna aliyekuwa na muda wa kulimaliza. "Peleka waongeze majani ya springi."

Nikapeleka. Fundi Wenseslaus akaongeza majani, akakaza boliti, akasimama, akajifuta kwa tambara. Kisha akanishika bega.

"Fotu, sikiliza. Mimi naongeza springi. Siongezi breki, siongezi ekseli, siongezi tairi. Zamani gari lilikuwa likichoka linakuambia, linakaa chini. Sasa nimelifunga mdomo. Kuanzia leo usiliulize gari, uliza mzigo."

Mimi nilicheka, nikadhani ni maneno ya mafundi wanaopenda kujisikia. Yeye hakucheka. Alinipeleka ghala la jirani kwenye mizani ya sakafuni, akawaomba wenye ghala waniache nipime. Gunia la mahindi makavu lina uzito wake. Gunia lile lile ukitia ulezi, punje zinashikana hazina nafasi, uzito unapanda. Maharage vivyo hivyo. Mahindi yaliyovunwa mabichi kwa haraka ya kukimbia mvua, hayo yana maji ndani, usiyaamini hata kidogo. Kisha akanipimisha lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa mpaka linaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Nilitazama mshale wa mizani, nikatazama gunia, nikatazama mshale tena.

"Hilo ni gunia moja?" nikauliza.

"Kwa mdomo ni moja," akasema. "Kwa tairi ni moja na nusu."

Wengi wetu hapa Ufipa tulikuwa, na bado tuko, watu wa kuhesabu magunia. Pikapu ni ya magunia kumi, basi tia kumi. Nani anauliza kumi ya nini? Na dereva anazunguka nyuma, anaangalia kama gari limelalia, halijalalia, anapanda anawasha. Tena gari lenye springi zilizoongezwa! Hiyo ndiyo shule yetu mbaya, na fundi Wenseslaus alinitoa humo kabla haijanila.

Mengine niliyopata kwake nawapa bure. Uzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma, usirundike mkiani, maana usukani utakuwa mwepesi mpaka uone gari linajiendea. Mzigo mzito chini, mwepesi juu. Mteremko ushuke kwa gia ile ile ambayo ungeupandia, injini ishike gari, mguu upumzike. Ukifika chini, peleka mgongo wa mkono karibu na gurudumu, usiguse, sikiliza joto tu. Na mtu aliyesimama juu ya mzigo ni mbaya kuliko gunia la uzito wake, maana gunia halicheki wala halihami upande kuangalia mandhari.

Lakini ninyi mtasema, haya babu, hayo ni rahisi, mzigo ukizidi si unasema tu ushushwe? Ndiyo. Mwambie mteja. Mwambie tajiri wako. Sasa ngojeni niwaeleze siku mwenye mzigo alipokuwa baba mkwe wangu.

Mzee Norbert wa Mpui, baba wa mke wangu Leokadia, alikuwa mkulima wa shamba kubwa, mtu mrefu, wa maneno machache, anayevaa koti hata jua likiwaka. Nilimwoa binti yake mkubwa na bado nilikuwa mgeni kwake. Ninyi wa siku hizi mnampigia baba mkwe simu mnamuuliza anaangalia mpira gani. Mimi nilikuwa nikifika kwake naongea nikitazama chini, na kama kuna jambo zito halisemwi na mimi. Kumpinga mkwe mbele ya watu? Nyumbani kwake? Bora ulale njaa.

Binti yake wa mwisho, Gaudensia, alikuwa anaolewa na kijana wa Muze, bondeni huko. Ndoa kesho yake asubuhi, parokiani kwao. Mzee Norbert akaomba gari, Mama Sekela akalitoa kwa moyo mmoja, na mimi nikafika Mpui asubuhi nimelisafisha mpaka tairi. Kazi yangu ilikuwa kumchukua bibi harusi, wazazi wake, shangazi zake na chakula cha kupeleka kwa wakwe, kupita mjini, kisha kushuka ule mteremko wa kwenda bondeni. Siku hizo watu kupanda nyuma ya pikapu lilikuwa jambo la kawaida. Msiige.

Nikakaribishwa uji ndani. Natoka, nakuta gari limeshapakiwa.

Jamani! Magunia ya mahindi, maharage na ulezi yamepanda juu kupita kabini, na yote lumbesa. Ile mnayoijua ya sokoni ni ya kumnyonya mkulima. Hii ilikuwa lumbesa ya mapenzi. Kwa Mzee Norbert, gunia la kwenda ukweni halikushonwa sawasawa na mdomo. Lilijazwa, likashindiliwa, likavikwa kilemba, ili watu wa Muze waone binti ametoka kwenye nyumba yenye chakula. Na juu ya magunia walishakaa mama mkwe wangu, shangazi wawili, vijana wa kwaya na ngoma zao, na mbuzi amefungwa miguu analalamika. Gaudensia yuko pale katikati na kitenge chake kipya, anacheka, mikono imejaa hina.

Nikazunguka nyuma. Gari limesimama wima, limenyooka kabisa. Nikasikia sauti ya fundi Wenseslaus kichwani, kwamba amelifunga mdomo. Nikaanza kupiga hesabu ya magunia, lumbesa kwa lumbesa, nikaongeza watu, na hesabu ikanikataa. Kwa barabara ya tambarare ya Mpui mpaka mjini pengine tungefika. Lakini ule ukingo wa bonde, kona juu ya kona, shimo upande mmoja, breki zile zile lilizozaliwa nazo gari! Nilimwangalia mama mkwe juu kule. Akanipungia mkono.

Mzee Norbert alikuwa mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, amejaa furaha. Sijawahi kumwona vile. Niende nimwambie nini? Kwamba zawadi yake ni nyingi mno? Nikisema, namvunjia heshima mbele ya ukoo mzima siku ya binti yake. Nikinyamaza, naenda kuwaua.

Nikamwona Mzee Deo amekaa kwenye kigoda anakunywa togwa. Huyu ndiye aliyekuwa mshenga wangu, aliyenipelekea posa katika nyumba hii hii. Nikamvuta nyuma ya banda.

"Mzee Deo, niokoe. Mzigo umezidi. Nusu yake ishuke."

Akanitazama kama nimepandwa na homa. "Wewe, mimi nilikutafutia mke. Magunia siyajui."

"Ndiyo maana. Mimi siwezi kumwambia, wewe unaweza. Nenda kwa njia ile ile."

Alisita, akamaliza togwa, akavua kofia. Akaenda kwa Mzee Norbert, akaomba maji ya kunywa, akaomba mahali pa kukaa, akakohoa. Watu wote wakajua ujumbe rasmi umeingia, wakanyamaza.

"Mzee," akaanza, "kijana wetu amenituma. Anasema ulichompa ni kizuri, amekipenda, hana neno nacho. Ila anakiri kwamba hana uwezo wa kukichukua chote kwa mara moja."

Shangazi mmoja juu ya magunia akaangua kicheko. "Tena anataka mke wa pili?"

Mzee Norbert hakucheka. Uso ulibadilika. "Mwambie mkwe wangu," akasema taratibu, "kama gari lake linachoka kubeba chakula cha nyumba hii, basi na sisi tupumzike, tusiende."

Mimi niko pale pale, hatua chache tu, nasikia kila neno. Mzee Deo akanyanyuka, akanijia, akanirudishia yote kana kwamba mimi ni kiziwi. Nikasema, "Mwambie baba, kupanda gari halichoki. Kushuka ndiko tatizo." Akarudi, akasema.

Mzee akalitazama gari. "Mbona limesimama vizuri?"

Mzee Deo akaja. "Anasema limesimama vizuri."

"Mwambie limeongezewa springi. Halikuongezewa breki."

Akaenda, akasema, akarudi mikono mitupu, jasho linamtoka. Mzee Norbert alikuwa amegeuka upande, na nikajua namkosa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba huyu ni mtu wa ng'ombe wa kulimia, mtu wa tela. Nikamshika Mzee Deo mkono.

"Mwambie hivi. Tela la ng'ombe likipanda mlima, ng'ombe wanalivuta. Likishuka kwenda mtoni limejaa, nani anamsukuma nani?"

Mzee Deo hakuhitaji hata kwenda. Uwanja ulikuwa kimya, kila mtu alisikia. Mzee Norbert alisimama pale akiangalia chini, mkono kwenye kifungo cha koti.

Sauti ikatoka juu ya magunia. Ilikuwa ya mama mkwe.

"Baba Leokadia. Unamkumbuka Sukari?"

Sukari alikuwa dume lake la kulimia, mimi nilikuwa simjui. Baadaye ndipo Leokadia aliponieleza kwamba mwaka fulani walishuka mtoni na tela la mahindi, tela likawazidi ng'ombe, likamsukuma Sukari mpaka akaanguka na kuvunjika nyonga. Mzee alimchinja kwa mkono wake mwenyewe, na siku hiyo hakula.

Mzee Norbert alimtazama mkewe kule juu. Kisha akafungua vifungo, kimoja kimoja, akavua koti, akampa Mzee Deo alishike. Akaenda kwenye gari, akamshika mama mkwe mkono akamteremsha, akamteremsha Gaudensia, akapanda mwenyewe juu. Gunia la kwanza alilisukuma peke yake. Lilianguka uwanjani, kilemba kikapasuka, mahindi yakamwagika, kuku wakaja mbio.

"Mnatazama nini?" akawaambia vijana. "Shusheni!"

Wakashusha. Mahindi yote, maharage yote. Ulezi ulibaki gunia moja, nikaliweka chini kabisa, mbele ya ekseli. Vijana wa kwaya wakaambiwa wakatafute basi barabarani na ngoma zao. Mbuzi naye akafunguliwa, na sidhani kama kuna aliyefurahi kuliko yeye. Wanawake, na Leokadia wangu pamoja nao, wakakaa chini kwenye mikeka, Mzee Norbert na Mzee Deo wakapanda kabini pamoja nami. Tukaondoka, na nyuma yetu uwanja mzima umejaa magunia kama siku ya mavuno.

Tukaelekea mjini. Mzee Deo alijaribu kusifia barabara, akaacha. Nilikuwa nimefanya nililotakiwa kufanya na bado nilijiona mwizi. Nimemvua mzee heshima yake siku ambayo alikuwa ameisubiri mwaka mzima.

Tulifika ukingoni. Mnaopajua mnajua, nchi inakatika ghafla na bonde lote liko chini yako, ziwa linang'aa kwa mbali. Nikaweka gia ndogo, nikaanza kushuka polepole. Injini inalia, inashika. Kona moja, kona nyingine. Kuna mahali chini ya katikati ambapo barabara ilikuwa imeliwa na mvua na changarawe zimelegea, pale ilibidi nikanyage breki, nikanyage tena. Nikasikia harufu. Anayeijua harufu ya breki zinazoungua haisahau. Mguu ukaanza kuzama kidogo kuliko kawaida. Nikaegesha ubavuni palipokuwa na nafasi, Mzee Deo akaruka kuweka jiwe chini ya tairi.

Nikawaambia tupumzike, breki zipoe. Wanawake wakashuka kunyoosha miguu, shangazi wanaimba, Gaudensia anauliza kama vumbi limemharibu uso. Mzee Norbert alishuka. Alikwenda mpaka kwenye gurudumu la mbele, akainama, akanusa. Joto lilimpiga usoni akarudi nyuma. Akasogea ukingoni, akatazama chini, mpaka kule miti inakoonekana midogo. Kisha akageuka, akamtazama mkewe, akawatazama mabinti zake wawili, Leokadia wangu akiwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Nadhani alikuwa anasali.

Na hilo lilikuwa gari lenye gunia moja.

Jioni tukaingia kwa wakwe Muze. Watu wamejipanga njiani, vigelegele, mchele unarushwa. Wazee wa upande wa bwana harusi wakalisogelea gari, kama ilivyo ada, kuona bibi harusi amekuja na nini. Wakachungulia nyuma. Mmoja wao, mtu wa masihara mengi, akapaza sauti. "Ee, wakwe! Tulisikia Mpui ndiko ghala la mkoa. Kumbe na huko kuna njaa?"

Watu wakacheka. Mimi niliinamisha kichwa kwenye usukani. Nilitamani ardhi inimeze, kwa ajili ya mzee.

Mzee Norbert akafungua mlango wa kabini. Akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akazunguka nyuma ya gari. Kicheko kikaisha chenyewe.

"Njaa hakuna," akasema. "Chakula kipo uwanjani kwangu, kitakuja siku yake. Gari halikuweza kubeba chakula na watu. Nimechagua watu. Njooni muwapokee."

Akanyoosha mkono. Akamteremsha mama mkwe. Akawateremsha shangazi, mmoja mmoja. Akamteremsha Leokadia taratibu, kwa mikono miwili. Akamteremsha Gaudensia, akamshika mkono hakumwachia, akasimama naye pale mbele ya watu, machozi yanamtiririka mzee yule mpaka kwenye kola ya koti.

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia tena. Na mimi nilibaki ndani ya gari, nimeshika usukani, nalia kama mtoto, namshukuru Mungu kwa kila mguu uliogusa chini.